Jumanne za Mizani

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kumpima mtoto kwa macho. Wanamwona mwenye mashavu, wanasema huyu ameshiba. Wanamwona mwembamba, wanasema huyu ana njaa. Nimefundisha wauguzi kule Kigoma miaka thelathini na moja, na kila mwaka somo langu la kwanza lilikuwa hilo: jicho hudanganywa, mizani haidanganywi. Nimekuja nalo hapa Likasi, na ninaliandika ukurasa wa kwanza ili atakayenirithi kazi hii ya kujitolea aanze nalo.

Nina miaka sitini na sita. Wanangu walinikataza kuvuka ziwa kwenda nchi ambayo mishahara imekufa. Niliwajibu kwamba mstaafu hana bosi. Parokia ya hapa iliomba mtu anayejua watoto na anayejua Kiswahili, nami nilidhani ninavyo vyote viwili.

"Papa Athanase, weye unasema Kiswahili bora," aliniambia Mama Georgette siku ya kwanza. "Sawa radio. Tutakusikia, lakini nani atajibu radio?"

Tangu siku hiyo kinamama wananiita Papa Radio. Nimeitika.

Kliniki yetu iko mtaa wa Kikula, vyumba viwili na baraza nyuma ya kanisa. Mizani ni ya kuning'inizwa. Tumeifunga kwenye boriti ya baraza, mbele ya ua wanapokaa kinamama. Jumanne ni siku ya kupima, ambayo wenyeji huiita siku ya peze. Kamati moja ya Lubumbashi inatupa maziwa ya unga. Masharti ni haya: kila mtoto ana mstari wake kwenye kadi kulingana na kimo chake. Akiwa chini ya mstari, anapata maziwa. Akiwa juu, anarudi nyumbani. Ni sheria safi.

Jumanne, 8 Novemba

Watoto tisini na wanne. Nimeanzisha desturi mpya: ninataja uzito kwa sauti, na mtoto aliyeongezeka kinamama wote wanampigia makofi. Elimu huingia vizuri ikiingia na furaha. Walipiga makofi vizuri mno.

Mama Georgette hakupiga. Yeye ni mjitoleaji kama mimi. Alipima watoto miaka ishirini na sita katika kituo cha kampuni ya migodi ya shaba, enzi ambazo kampuni ilikuwa na vituo. Ana uso wa mtu anayesubiri umalize kusema. Nadhani hafurahii kufundishwa kazi yake na mgeni.

Jumanne, 15 Novemba

Watoto mia na sita. Baba zao wengi ni wa kiwandani na hawajalipwa tangu Juni, na ile mposho, yaani unga na samaki wa kila mwezi kutoka kampuni, imekatika kabisa. Nilitegemea kuona mifupa. Sioni. Watoto wengi wako juu ya mstari. Watu hawa wana akili ya kuishi ambayo siijui bado.

Mfano: mama mmoja aitwaye Mbombo, mpole, husema maneno matatu na kunyamaza. Binti yake Hadassa ana miezi ishirini na miwili. Mstari wake ni kilo saba na nusu. Nilitangaza: "Nane na gramu mia tatu!" Makofi. Ana mashavu, amevaa soksi nyeupe na viatu. Hakulia wala hakutabasamu. Nimeandika: anaendelea vizuri.

Alhamisi, 24 Novemba

Mvua. Umeme hakuna, wanasema maji ya bwawa la Mwadingusha bado hayajapanda.

Jumanne, 29 Novemba

Mia moja na kumi na mbili. Hadassa nane na mia nne. Makofi.

Jumanne, 13 Desemba

Mvua imeharibu barabara ya Lubumbashi, maziwa yamechelewa. Nilimwambia Mama Georgette kwamba ningependa apige makofi nasi, ili tuonekane kitu kimoja. Akasema mikono yake inamuuma.

Jumapili, 25 Desemba

Misa ndefu. Mathilde, mama wa Plamedi, mmoja wa watoto tunaowapima, aliniletea sombe, yaani kisamvu, kwenye sahani iliyofunikwa. Nilimuuliza watoto wamekula nini Krismasi. "Bamekula, Papa," akasema. "Bote bamekula."

Jumanne, 10 Januari 1995

Plamedi kilo tisa kamili. Nikasema kwa sauti: "Tazameni kazi ya mama." Makofi marefu. Mathilde aliinamisha kichwa, na mimi nikadhani ni haya ya furaha.

Alhamisi, 12 Januari

Plamedi amefariki leo saa nne asubuhi.

Nilikwenda kilioni na Mama Georgette. Walikuwa wamemlaza kwenye mkeka. Waliomwosha walikuwa wamemvua soksi, na mara ya kwanza katika wiki tisa niliiona miguu yake. Ilikuwa imejaa kama mikate. Sikuhitaji kuigusa, nimefundisha jambo hili mara nyingi mno.

Nitalieleza hapa pia, ingawa mkono hautaki. Mtoto anayeishi kwa bukari, yaani ugali, peke yake, bila samaki, bila maharage, bila maziwa, mwili wake hushindwa kuyashika maji mahali pake. Maji huvuja ndani ya nyama, miguuni kwanza, kisha usoni. Tunauita ugonjwa huo kwashakoo. Mtoto huyo hukonda na kuvimba kwa wakati mmoja, na maji yana uzito. Ukimweka kwenye mizani, unapima maji.

Nilijua haya yote, lakini sikumvua mtoto hata mmoja soksi, kwa sababu mizani ilikuwa imekwisha kuniambia.

Mathilde aliponiona alisimama na kunipa kiti.

Ijumaa, 13 Januari

Nilimkuta Mama Georgette anafua vitambaa vya kliniki. Hakunitazama.

"Tisa kamili," nikasema. "Hata kwa maji ya ugonjwa, tisa ni nyingi. Wanawajaza watoto kitu kabla ya kuja."

"Munkoyo," akasema.

Munkoyo ni kinywaji cha hapa cha unga wa mahindi na mizizi, chepesi na kitamu. Watoto hukipenda.

"Maji inatoka mbio," akaendelea. "Munkoyo inabakia ku tumbo. Unapatia mutoto kikombe mbili, tatu, mu njia ya kuja. Soksi ni juu ya kuficha miguu. Bengine banatiaka kintu mu nepi."

"Lakini wanajua kwamba maziwa ni ya watoto wepesi! Wakija na mtoto mzito tunawanyima. Wanajinyima wenyewe."

"Banajua."

Akakamua kitambaa, akakitandika kwenye kamba, akarudi kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa na mimi.

"Papa, sikia. Wakati ya kampuni, kila mwezi tulikuwa na peze. Mutoto akipunguka, minye nilikuwa naita jina ya mama na sauti, pale inje, bote basikie. Kisha chef anaita bwana yake ku bureau. Anamuuliza: mposho tunakupa, unga tunakupa, bibi yako anapeleka wapi? Anauzisha? Bwana anarudia ku nyumba na ile haya. Kuna bamama balipigwa juu ya gramu mia mbili. Sasa hawa ba Mathilde ni batoto ba bale bamama. Balikuwa banasimama palepale, banashika kanga ya mama, banasikia jina yake."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukiita."

"Ni minye. Miaka makumi mbili na sita. Njo maana mikono iliniuma."

Kisha nikauliza swali la kijinga, kwamba je, kampuni haina tena mposho wa kukata, wanaogopa nini?

"Njala ni shauri ya Mungu," akasema. "Kuitwa mama mubaya ni shauri ya jirani. Mungu iko mbali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukutuuliza, Papa. Ulitufundisha."

Jumamosi, 14 Januari

Nimelala siku nzima. Si ugonjwa.

Jumatatu, 16 Januari

Tumeiteremsha mizani. Tumepigilia msumari mkubwa kwenye boriti ya chumba cha ndani na kuitundika huko. Kesho mtoto ataingia mmoja mmoja na mama yake, atavuliwa nguo zote, atapimwa, na uzito tutauandika bila kuutaja. Kisha tutabonyeza mguu kwa kidole gumba na kuhesabu hadi tatu. Shimo likibaki, mtoto huyo ni wetu, mizani iseme isemavyo.

Mama Georgette alikumbusha kwamba kamati inataka kupima hadharani, ili pasiwe na upendeleo.

"Kamati ije," nikasema.

Jumanne, 17 Januari

Ua ulinuna. Wengine walidhani tumeanza kuficha kitu, mmoja akauliza kama Papa Radio ameishiwa betri. Lakini waliingia. Kati ya watoto mia na tatu, ishirini na tisa wana shimo mguuni. Wiki iliyopita niliwapigia makofi.

Mbombo alikataa kumvua Hadassa. "Iko na baridi," akasema, akambeba, akaondoka.

Jumanne, 24 Januari

Mbombo hakuja.

Alhamisi, 26 Januari

Nimekwenda kwake mimi mwenyewe, polepole, kwa sababu ya matope na goti langu. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka lililofungwa. Mumewe yuko Kambove tangu Agosti, anachimba mawe kama wengine waliochoka kusubiri mshahara. Ndugu zake waliondoka na treni mwaka juzi kurudi mkoa wao wa Kasai, wakati wenyeji wa hapa walipowageukia na kuwafukuza watu wa huko. Yeye alibaki.

Hadassa alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Mashavu yale niliyoyasifia yalikuwa yameziba macho. Nywele zimekuwa nyekundu na laini. Ngozi ya mapaja inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Nilimpa kipande cha ndizi, akakitazama kama vile ni mali ya mtu mwingine.

"Amekula nini jana?" nikauliza.

"Amekula muzuri."

"Mama, nimetembea saa nzima. Niambie kitu kibaya."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Kisha akaenda kwenye kikapu, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakifungua juu ya kitanda. Ndani kulikuwa na jiwe la kijani, kubwa kama yai la bata, jiwe la shaba la Kambove.

"Gramu mia tatu," akasema. "Nililipeza ku soko. Nilikuwa natia mu nepi."

Nililishika. Lilikuwa zuri, kwa kweli.

"Nikisema mutoto iko na njala, batasema nini? Batasema: angalia ule wa Kasai, banduku yake balienda, yeye alibakia juu ya kuomba-omba. Minye siombake, Papa. Hata siku moja."

"Huombi. Mimi ndiye ninayeomba. Niliwafundisha watu kupiga makofi, na kosa ni langu. Ninaomba mtoto."

Akalichukua jiwe mkononi mwangu, akalifunga tena kwenye kitambaa.

"Radio inaomba pole?" akasema.

"Leo inaomba."

Akamfunga Hadassa mgongoni, tukatoka.

Ijumaa, 27 Januari

Hadassa, uchi, bila jiwe wala munkoyo: kilo saba na gramu mia saba. Juu ya mstari kwa gramu mia mbili, na zote ni maji. Kwa sheria ya kamati haruhusiwi tone la maziwa. Tumemwanzishia saa mbili asubuhi.

Mtoto wa hali hii usimlishe kama mgeni wa harusi. Moyo wake umechoka. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko kila baada ya saa mbili, na usitie chumvi. Anatapika, unasubiri, unaanza tena. Mbombo ameketi naye chumbani. Kila kijiko kikimezwa anahesabu kwa vidole.

Jumapili, 29 Januari

Hajafungua macho tangu asubuhi. Mikono ya baridi. Mama Georgette amemweka kifuani mwake chini ya blanketi, akiimba kitu cha Kibemba. Sikwenda misa.

Jumatatu, 30 Januari

Amefungua macho, amekataa kijiko kwa hasira. Hasira ni dalili njema sana, mtoto anayekufa hakasiriki.

Jumanne, 31 Januari

Bwana Mathieu wa kamati amekuja kukagua. Kijana wa miaka thelathini na tano hivi, shati limepigwa pasi, mstaarabu. Aliikuta mizani ndani, akasimama mlangoni.

"Mzee, règlement ya kamati inasema peze ikae inje."

"Ninajua inavyosema."

Akafungua daftari. Watoto thelathini na mmoja wanakunywa maziwa wakiwa juu ya mstari. Akaweka kidole kwenye jina la Hadassa.

"Saba na mia sita leo. Mstari saba na nusu. Uyu haiko wetu."

"Bonyeza mguu wake."

"Minye siko docteur."

"Huhitaji udaktari. Unahitaji kidole gumba, na unacho."

Kinamama waliokuwa wakisubiri mlangoni walisogea karibu. Alisita, akainama, akabonyeza. Alipoinua kidole, shimo lilibaki. Alilitazama hadi likajaa lenyewe, na hilo huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotegemea.

"Naona," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini karatasi haina fasi ya kuandika shimo."

"Andika pembeni."

"Mzee, nikirudisha hii liste, batasema munaiba maziwa. Toa hawa makumi tatu na moja, tundika peze inje, na minye nitasema nilikuta yote sawa. Ukikataa, watakata maziwa ya bote."

Nilimtazama Mbombo. Alikuwa ameshika kijiko, hakuinua kichwa. Alikuwa anasubiri kama alivyozoea, jina lake liitwe.

"Andika kwamba nimekataa," nikasema. "Jina langu ni refu kidogo. Nitakutajia herufi kwa herufi."

Mtu alicheka kwenye foleni. Mathieu aliandika. Ninamheshimu kwa kuandika. Wengine wangeahidi na kusahau.

Jumanne, 7 Februari

Magunia yaliyofika ni nusu. Nilitegemea hivyo, lakini kutegemea hakupunguzi njaa.

Mama Georgette alisimama uani, mahali palepale aliposimama miaka yote ile, akasema kwa sauti yake ya zamani: "Bamama, sikieni. Zamani nilikuwa naita majina yenu. Leo minye naitaja yangu. Mutoto wangu wa pili alikufa na miguu ya kuvimba, 1967, na minye nilikuwa mupimaji. Nilimuficha na soksi. Sasa nani iko na karanga?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mathilde, ambaye hana tena mtoto wa kupima, alikuwa wa kwanza kurudi na karanga kwenye pembe ya kanga. Mwingine alileta samaki kavu wa Mwadingusha, wadogo, wa kujaa mkono mmoja. Tunakaanga karanga, tunatwanga na samaki, tunachanganya na unga wa mahindi na maziwa kidogo. Kanuni ni ya Mama Georgette. Kampuni iliwafundisha kitu kizuri pia, nami niseme kweli.

Ijumaa, 10 Februari

Hadassa kilo saba na gramu mia moja. Anapungua, na Mbombo aliposoma sura yangu aliogopa. Nikamweleza: maji yanatoka, mtoto anayepona kwashakoo hukonda kwanza. Sasa yuko chini ya mstari. Kwa kuwa anapona, kamati inamtambua kuwa mgonjwa.

Mbombo alipoelewa, alicheka hadi akakaa chini.

Jumanne, 14 Februari

Sita na mia sita. Miguu imekuwa na mifupa. Ameshika kikombe kwa mikono yake miwili na hakutaka kukirudisha.

Jumatano, 22 Februari

Tumemzika mtoto mwingine, wa nne kati ya wale thelathini na mmoja. Sitaandika kwamba wote walipona.

Jumanne, 28 Februari

Mvua tangu alfajiri, wamekuja tisini na wanane. Hakuna aliyevaa soksi.

Jumanne, 7 Machi

Hadassa ametembea kutoka mlangoni hadi kwenye sufuria. Kilo saba na gramu mia moja, na safari hii ni nyama. Mbombo aliniuliza kama ninaweza kumnong'oneza uzito sikioni. Nikamnong'oneza. Alirudi uani bila kumwambia mtu.

Jumanne, 14 Machi

Barua ya kamati. Maneno mengi ya adabu. Maziwa yataendelea, thelathini na mmoja wanahesabiwa "kosa la mtumishi mmoja". Mtumishi huyo anashukuriwa na atarudi kwao mwisho wa mwezi. Atakayekuja baada yake atatundika mizani hadharani kama ilivyoagizwa.

Nimemsomea Mama Georgette. Akasema: "Basi bakufukuze, kazi tumeisha kuijua." Nimejibu barua kwa mstari mmoja, kwamba nimepokea na sijutii.

Jumanne, 28 Machi

Watoto themanini na saba. Mahindi mapya yameanza kuonekana sokoni. Hadassa alinipiga teke nilipomvua nguo, teke la mtu mwenye nguvu. Mbombo alitaka kumkemea, nikamkataza.

"Papa Radio," akasema, "Kigoma bakikuuliza, utasema nini juu yetu?"

"Nitasema niliwafundisha miezi miwili, kisha nikanyamaza, ndipo kazi ikaanza."

"Maneno mingi," akasema Mama Georgette. "Bado ni radio."

Ninaliacha daftari hili juu ya meza ya dawa. Sikufuta ukurasa wa kwanza. Usome ulivyo, uone mtu aliyesoma sana anavyoweza kukosea kwa sauti kubwa. Wewe unayechukua nafasi yangu umekuja na barua inayokuagiza utundike mizani nje, na huenda watu wa kamati wameshakufanyia kazi hiyo kabla hujafika. Mbombo na wenzake watakuwa mlangoni saa moja. Nenda barazani sasa hivi, na ukikuta mizani imetundikwa pale, iteremshe leo uiingize ndani.